Mama anapenda sana kantri, tunaenda naye Nashville likizo, zile baa za muziki mtu mzima anaweza kukaa akala?

Binti wa Kibosho (Moshi)

Wadau habari za saa hizi, wakubwa zangu shikamooni. Naomba mawazo ya mtu aliyewahi kufika Nashville kule Tennessee Marekani, au hata aliyekula tu kwenye baa ya muziki wa kantri popote kule. Mwezi wa 6 mimi na mama tunaenda likizo kwa dada yangu, anakaa nje kidogo ya huo mji, mambo ya viza na tiketi yameshaisha kabisa kwa hiyo hayo tuyaache.

Mama ana miaka 68, mwalimu mstaafu, na huyu mama Jim Reeves na Don Williams kwake ni kama ndugu. Sisi tumekua hivyo, Jumapili tukitoka misa kaseti inawekwa, mtori uko jikoni, baba (Mungu amrehemu) anamshika mama mkono wanacheza taratibu pale sebuleni na sisi watoto tunawaangalia. Tangu ajue dada anakaa karibu na Nashville amesema jambo moja tu, maduka hataki, majengo marefu hataki, anataka akae kwenye baa ya kantri, aagize chakula cha kule, na bendi iwe inapiga mbele yake anaona mpaka vidole vya mpiga gitaa. Basi.

Sasa dada anakataa. Anasema zile baa ni za vijana walevi, makelele, mama hatakaa hata dakika kumi, bora tumpeleke mgahawa wa kawaida tule vizuri alafu muziki atausikiliza kwenye gari. Mimi moyo wangu haujakubali kabisa, mama hajawahi kutuomba kitu kikubwa maishani, hiki kimoja jamani tukishindwe?

Naomba kujua, mtu asiyekunywa pombe anaruhusiwa kukaa na kula tu? Kuna kiingilio? Chakula chenyewe ni nini na bei ikoje? Mama ana presha na goti moja linamsumbua kwa hiyo ngazi nyingi hawezi. Na tutakuwa na mtoto wa dada ana miaka 9, wanamruhusu kuingia? Natanguliza shukrani.

Msafiri wa Njiro

Dada pole na hongera kwa pamoja, mpeleke mama. Nimefika Nashville kwa mwaliko wa wageni niliowahi kuwapandisha mlima, na zile baa nimekaa nazo vizuri, kwa hiyo ntakuambia nilichokiona.

Dada yako hajadanganya, ila anaongelea usiku. Mtaa wenyewe unaitwa Broadway, kile kipande cha chini kinachoshuka mpaka mto Cumberland, baa zimebanana kulia na kushoto na kila moja ina bendi, nyingine zina bendi tatu kwa wakati mmoja kila ghorofa na ya kwake. Ijumaa usiku pale mtu mzima asiende, watu wamejaa mpaka barabarani, muziki wa huku unagongana na wa kule na huwezi kusikia unachokula. Lakini bendi hazianzi usiku! Zinaanza saa 4 au saa 5 asubuhi na zinaenda kwa zamu, bendi inapiga kama masaa manne inashuka inapanda nyingine, mpaka saa 8 usiku na zaidi. Ukiingia saa 5 na nusu asubuhi siku ya katikati ya wiki unakuta meza, unakuta wazee wenzake na mama wamevaa kofia zao, bendi inapiga nyimbo za zamani kwa sababu watu waliopo ndo wanazitaka hizo, na mpiga gitaa mnaongea naye kabisa. Mchana ule ndo wa mama yako.

Kiingilio sehemu nyingi hakuna, mlango uko wazi unaingia. Pombe si lazima, agiza soda au chai ya barafu na chakula, hakuna atakayekusumbua, ila usikae masaa mawili na soda moja, meza pale ni biashara. Mtoto wa miaka 9 mchana anaingia na mzazi sehemu nyingi zinazouza chakula, ila jioni kuanzia saa 12 au saa 2 hivi, kila baa na saa yake, chini ya miaka 21 anatolewa. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda mapema. Alafu bebeni pasipoti zenyewe, sio picha kwenye simu, mlangoni hata mzee wa miaka 80 wanaweza kumuomba kitambulisho na kitambulisho chetu cha NIDA pale hakimsaidii.

Kuhusu wapi, mimi kwa mama wa Jim Reeves ningesema Robert's Western World bila kufikiria mara mbili. Zamani palikuwa duka la mavazi na mabuti ya kantri na mpaka leo mabuti yamepangwa ukutani. Wao wanapiga kantri ya zamani tu, ile yenyewe, gitaa la chuma linalolia, wanaliita steel guitar. Jiko liko humo humo ndani unaona wanakaanga baga, na wana mlo wao maarufu wa bei ya chini, mkate wenye ile soseji pana ya bologna iliyokaangwa, chipsi za pakti, keki ya Moon Pie na bia, mara ya mwisho nilipoona vyote pamoja haikufika dola 10. Moon Pie ni keki inayotengenezwa Chattanooga huko huko Tennessee tangu 1917. Sio chakula cha kifahari, dada, niseme ukweli, lakini mama hajaomba ufahari, ameomba bendi na sahani. Na pako chini, goti halipandi ngazi.

Zile baa kubwa mpya zenye majina ya mastaa wa siku hizi zina ghorofa nyingi na lifti, chakula ni kizuri zaidi, mbavu, kuku, baga, jiandae dola 15 mpaka 20 na kitu kwa sahani, lakini bendi nyingi huko zinapiga roki na nyimbo za vijana. Mama atakaa akisubiri Don Williams mpaka jioni.

Na nyie mnaenda mwezi wa 6, angalieni sana tarehe. Mwanzoni mwa Juni kuna tamasha la CMA Fest, lilianza 1972 likiitwa Fan Fair, mji mzima unafurika siku zile nne. Kuna majukwaa ya bure mchana na kwa kijana ni raha, ila kwa mama mwenye goti kutafuta kiti Broadway wiki ile ni mateso. Nendeni wiki baada ya hapo.

Gitaa la Kijenge

Nimeshukuru sana kuona huu uzi maana mimi ni mpiga gitaa, napiga kwenye hoteli na lodge za huku Arusha, na kuna kitu nataka mama huyu na binti yake wakijue kabla hawajakaa kwenye hicho kiti.

Wale wanamuziki wa Broadway unaowaona wanapiga masaa manne bila kwenda hata chooni, wengi wao mwenye baa anawapa kitu kidogo sana, riziki yao iko kwenye ndoo. Kuna ndoo au jagi mbele ya jukwaa na katikati ya zamu mmoja anashuka anaipitisha meza hadi meza. Hapo ndipo kodi ya nyumba inapotoka. Na sio wanafunzi wale, Nashville wamejaa watu ambao mchana wanapiga baa na kesho yake yuko studio anarekodi gitaa kwenye albamu ya mtu mkubwa, unakuwa umekaa mita mbili na fundi wa dunia anapigia ndoo. Mimi nikifikiria hilo nasisimka kwa kweli.

Kwa hiyo dada tafadhali tengeni hela ya ndoo kama mnavyotenga ya chakula, ile ni sehemu ya mlo wenu. Chenji chenji za dola moja moja ziwepo, kila ndoo ikipita kila mtu mezani aweke kitu, dola 5 kwa meza sio vibaya. Na mama akitaka wimbo wake, andikeni jina la wimbo kwenye kikaratasi au leso ya karatasi, kunjeni na noti, mama mwenyewe ainuke akaiweke. Watu kule kwa wimbo wa kuomba huwa wanatoa mpaka dola 20. Jim Reeves wanamjua, hao wapiga kantri ya zamani nyimbo zile wanazo kichwani kama sala, na mwambieni kiongozi wa bendi mama ametoka wapi, kwamba ametoka chini ya Kilimanjaro na kanda zile kazisikiliza toka ujana wake. Mwanamuziki akisikia hivyo atapiga kwa namna nyingine kabisa, naongea kwa uzoefu wa upande wa jukwaani, mgeni mmoja akikuambia wimbo huu ulichezwa harusini kwangu, vidole vinabadilika.

Wengi huku kwetu tunapiga live mtu anakula anakuangalia anapiga picha anaondoka. Inauma. Msifanye hivyo kule wala huku.

Mama Rayan wa Sakina

Mpenzi mimi niongezee ya chakula maana nimeishi kule na mume wangu akisoma, na sisi ni Waislamu ilibidi nijifunze kuuliza kila kitu. Najua nyie Kibosho kitimoto sio tatizo lakini mama ana presha, kwa hiyo haya yanamhusu pia.

Vyakula vya kusini kwa Marekani vingi ukiangalia utasema nimefika nyumbani. Kuna majani wanaita collard, ni jamii moja na sukuma wiki. Kuna maharage, kuna mkate wa mahindi, kuna grits ambayo ni uji mzito wa mahindi meupe wanauweka chumvi na siagi na wakati mwingine jibini. Mama atafurahi. Lakini yale majani wanayapika na mfupa au mafuta ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi na chumvi yake sio ya kawaida, hata maharage ya kijani na yale ya mchuzi mtamu humo humo. Ukimuuliza mhudumu kama kuna nyama atakuambia hapana ni mboga, maana kwao ile sio nyama ni kiungo. Uliza moja kwa moja, mmepika na nguruwe au bekoni? Hapo atakwenda kuuliza jikoni. Ile soseji ya bologna kaka aliyoitaja hapo juu nyingi zina mchanganyiko wa nguruwe pia, na chumvi yake ni nyingi, kwa presha mama aonje kipande ale baga yake.

Chai ya barafu wakikuletea mwambie isiyo na sukari, kule kusini wakisema chai tamu wanamaanisha, na glasi wanaijaza tena na tena bure.

Kuna kuku mmoja wa Nashville, kuku wa moto wanamuita, amekaangwa alafu anapakwa mafuta yenye pilipili mpaka anakuwa mwekundu, wanamlaza juu ya slesi za mkate mweupe na achari ya matango. Ukali unachagua mwenyewe. Sisi tunajiona tunajua pilipili lakini ile ya juu kabisa niache nayo, mama achukue ile ya chini. Chimbuko lake ni familia ya watu weusi pale pale Nashville, duka la Prince's, hadithi inayosimuliwa ni kwamba miaka ya 1930 Thornton Prince alichelewa kurudi nyumbani na mwanamke wake akamkomoa kwa kumwagia pilipili kwenye kuku wa asubuhi, bwana akala akapenda akafungua biashara. Sasa ndo chakula cha mji mzima. Kuku huyo mnamkuta hata kwenye baa za Broadway lakini mkienda kwenyewe ni bora.

Kingine beba kitenge au shuka la Kimasai la mama kwenye mkoba. Nje Juni ni joto la kukata pumzi, ndani wanawasha kiyoyozi utafikiri wanahifadhi samaki.

Kaka wa Majengo

Mimi ntapingana kidogo na mabwana hapo juu, mnisamehe. Nimesoma Tennessee na Broadway nimeiona inavyobadilika. Kama mama anaenda mara moja maishani, msimuishie kwenye baa. Mnampeleka mtu wa Jim Reeves Nashville alafu hamumpeleki Ryman na Opry?

Ryman Auditorium iko hatua chache kutoka hizo hizo baa. Ilijengwa kama nyumba ya injili, kapteni wa meli za mtoni Thomas Ryman aliguswa na mahubiri akaamua kujenga, ikafunguliwa 1892, na mpaka leo unakaa kwenye mabenchi ya kanisa. Kuanzia 1943 mpaka 1974 ndipo palipokuwa na Grand Ole Opry, ile shoo ya redio ya WSM iliyoanza 1925. Jim Reeves alijiunga na Opry 1955. Maana yake ni kwamba jukwaa alilosimama ni lile, mama anaingia mchana kwa tiketi ya kutembelea, anakaa benchi, anaangalia pale alipokuwa anasimama yule mtu wa kwenye kaseti. Don Williams yeye aliingia 1976 Opry ikiwa imeshahamia jengo jipya nje ya katikati ya mji, na walipohama walikata duara la mbao kutoka jukwaa la Ryman wakalipandikiza jukwaa jipya, kila mwimbaji anasimama juu ya zile mbao. Ijumaa na Jumamosi usiku kuna shoo, wanamuziki wengi kila mmoja nyimbo mbili tatu, watu wamekaa wametulia kwenye viti, wanarusha redioni moja kwa moja. Hakuna ulevi wa kusukumana. Hapo ndipo mama atasikia kila neno.

Chakula kuleni kwenye migahawa wanayoita nyama moja mboga tatu, unachagua nyama yako na mboga tatu pembeni kwenye sahani moja, bei nafuu, ya wenyeji. Baa za Broadway kwangu zimeshakuwa za watalii. Kuna moja, jina silitaji, tulikula watu wanne, risiti imekuja ina huduma asilimia 20 imeshajumlishwa ndani, alafu mhudumu anatuwekea mashine mbele ichague tena asilimia 20 nyingine. Soma risiti kabla ya kubonyeza.

Msafiri wa Njiro

Kaka wa Majengo Ryman nakuunga mkono mia kwa mia, nilitaka kuisema umeniwahi. Lakini mama hakuomba kukaa kwenye kiti cha ukumbi, ameomba meza, sahani na bendi mbele yake. Kitu cha ukumbini ni kizuri ila huwezi kumpa mpiga gitaa mkono. Vyote vinawezekana siku moja, na ndo uzuri wa pale, asubuhi Ryman, mchana unavuka kichochoro tu. Wale wakubwa wenyewe wa zamani walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wakitoka jukwaani Ryman wanatokea mlango wa nyuma wanavuka kichochoro wanaingia baa ya Tootsie's ile ya rangi ya zambarau, Patsy Cline na Willie Nelson wamekaa mle. Kwa hiyo baa na ukumbi ule ni kitu kimoja, hutenganishi.

La risiti ni kweli kabisa, na niongeze kwa dada, bei ya kwenye menyu sio unayolipa, kodi ya pale ni karibu asilimia 10 inakuja juu yake, alafu bakshishi ya mhudumu asilimia 18 mpaka 20 kama haijajumlishwa. Msione ni nyingi mkamnyima, sheria ya kule mhudumu anayepokea bakshishi mwajiri anaweza kumlipa dola 2.13 tu kwa saa. Sahani ya dola 20 wewe hesabu 26.

Binti wa Kibosho

Jamani nimewasomea mama yote haya jikoni, nawaambia ameacha kumenya ndizi amekaa chini. Hilo la benchi la Ryman limemgusa sana, ameniuliza mara mbili kama ni kweli Jim Reeves alisimama pale. Mungu awabariki.

Nina swali ambalo nimeliogopa kuliuliza ila mama hajui kama naliuliza. Kantri kule ni muziki wa wazungu, na wale wazungu wenyewe wa kusini. Sisi tunaingia pale weusi watatu na mtoto, watatuangaliaje? Sitaki mama adhalilishwe kwenye kitu alichokipenda miaka yote hiyo. Dada nafikiri na yeye ndo hofu yake ya kweli ila hasemi, anasingizia makelele.

Na pia moshi wa sigara, mama kifua chake si kizuri sana.

Mama Rayan wa Sakina

Mpenzi swali lako ni la haki. Mimi na hijabu yangu nimekaa mle mchana, kuna waliotuangalia sekunde mbili za mshangao wakarudi kwenye sahani zao, na kuna mama mmoja mzee wa Kizungu alitufuata mezani kuuliza tumetoka wapi, alivyosikia Tanzania akaanza habari za Serengeti hakunyamaza tena. Sio kila mahali kule ni hivyo, sikudanganyi, lakini Broadway mchana ni mji uliozoea wageni wa kila rangi.

Kaka wa Majengo

Dada hapa nakujibu kwa moyo wote. Mama asiingie mle kama mgeni aliyealikwa kwa huruma, ule muziki una mkono wetu ndani yake. Ile banjo unayoisikia inalia kwenye kantri ilitoka Afrika, watu waliochukuliwa utumwani Afrika Magharibi ndio waliokwenda na ujuzi wa kuitengeneza. Na mmoja wa nyota wa kwanza wa Opry alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa redioni miaka ya 1920 watu wanamsubiri kila Jumamosi. Mwaka 1941 wakamwacha, akamaliza maisha yake akiwa na kibanda cha kung'arisha viatu hapo hapo Nashville, na wamemuingiza kwenye Jumba la Heshima la kantri 2005 akiwa ameshafariki. Inaniuma kila nikiisimulia. Alafu Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba Mississippi, huyu mama yako lazima anamjua, aliingizwa 2000 akiwa hai akaona kwa macho yake. Majina yao yako ukutani kwa sahani za shaba pamoja na Jim Reeves na Don Williams kwenye makumbusho ya kantri, na ni karibu tu na Broadway.

Na kwenye kona ya Broadway na mtaa wa tano, mkabala kabisa na hizo baa, tangu 2021 kuna makumbusho ya taifa ya muziki wa Wamarekani weusi. Mpelekeni mtoto wa miaka 9 hapo. Akitoka humo akaingia kwenye baa ya kantri atajua anasikiliza nini. Sasa hivi nimebadili mawazo yangu ya mwanzo, nendeni baa, mama akae mbele.

Mmeru wa Fort Worth

Nipo Texas nawasoma tu. Dada kama kuna siku mkipita Dallas, Fort Worth kuna sehemu inaitwa Stockyards, kila siku saa 5 na nusu asubuhi na saa 10 jioni wanapitisha ng'ombe wa pembe ndefu barabarani. Mjomba wangu kutoka Usa River alisimama pale akaanza kuwakagua mmoja mmoja kama yuko mnadani. Kuna Billy Bob's, ilifunguliwa 1981, kubwa mno, ndani kuna uwanja wa kupanda mafahali wa kweli, Ijumaa na Jumamosi. Watoto wanaingia na wazazi, chakula nyama ya moshi ya kizungu, brisket, ng'ombe tupu, mama wa presha akate mafuta pembeni. Na mje na noti za dola moja moja, hapa pia kuna ndoo.

Halafu Jim Reeves mwenyewe ni mtu wa Texas, kazikwa Carthage mashariki huku. Alikuwa anarusha ndege mwenyewe tarehe 31 Julai 1964 anarudi Nashville akaingia kwenye mvua ya radi, ikaanguka karibu na Brentwood. Kama dada yako anakaa upande wa kusini wa mji, mnaishi jirani na hapo. Mwambie mama taratibu, asije akalia barabarani.

Msafiri wa Njiro

La moshi nilisahau. Tennessee wana sheria tangu 2007 inayozuia sigara kwenye migahawa, ila baa ambazo haziruhusu kabisa mtu chini ya miaka 21 saa zote ziliachwa nje ya sheria, huko watu walikuwa wanavuta mpaka Nashville wenyewe walipozizuia nazo mwaka 2023. Kwa hiyo moshi ndani usiwatishe sana, ukiona kuna watoto wanakula mchana, kaa. Mkiona bango la 21 mlangoni saa 6 mchana, msiingie, mtoto hataruhusiwa.

Na kwa makelele hata mchana spika ni spika, nunueni zile za kuziba masikio za sponji, mama akae upande wa pembeni ya jukwaa asikae mbele ya spika, anaona vidole vizuri zaidi kutoka pembeni.

Gitaa la Kijenge

Ukweli kabisa, pembeni upande wa mpiga gitaa la chuma. Na ulizia ratiba ya Jumapili asubuhi pale Robert's, wamekuwa na muziki wa injili kabla baa haijachangamka. Mama wa kutoka misa anakaa, anakula, anasikiliza zile za kanisani alizoimba Jim Reeves. Mimi ningekuwa nimeenda hiyo tu.

Binti wa Kibosho

Gitaa hilo la Jumapili limemaliza kesi! Nimempigia dada simu jana nikamsomea hapo kwa Kaka wa Majengo, akanyamaza muda alafu akasema kweli hofu yake ilikuwa hiyo ya rangi, sio makelele, kuna mahali aliwahi kutazamwa vibaya akajiapiza hatampeleka mama sehemu kama hiyo. Tumeongea tukaelewana. Tunaenda wiki ya tatu ya Juni, tamasha litakuwa limepita. Jumapili misa ya asubuhi kwanza, mama hilo halijadiliwi, alafu Robert's, na Ryman tutaweka Jumanne tukiwa tumepumzika.

Mama ameshaandika karatasi yake ya nyimbo, ziko saba. Nimemwambia apunguze zibaki mbili maana kila moja ina noti yake, amenijibu hela ya pensheni yake ndo ya kazi gani. Gitaa nikuulize, akiomba nyimbo mbili za Jim Reeves zinafuatana ni adabu au aache nafasi katikati?

Gitaa la Kijenge

Aache nafasi, moja aiombe mwanzoni mwa zamu, na ile ya pili ndoo ikipita mara ya pili. Bendi inapanga nyimbo kwa funguo na mwendo, ukiwapa mbili za taratibu mfululizo watu wengine wanaanza kutoka. Na aandike jina la wimbo kwa herufi kubwa, mle ndani mwanga ni hafifu.